Masika Tuliyofuga Ukungu

Bibi aliletwa kwetu Milanzi katikati ya masika, akiwa mgongoni kwa mjomba wangu, maana gari lililomtoa hospitali lilishindwa kuingia kichochoroni kwa sababu ya tope. Alikuwa ameteleza kwenye mteremko wa shamba lake huko Kaengesa, akaporomoka na mzigo wa kuni mpaka mferejini, na mfupa wa mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Mguu ulikuwa umefungwa hogo jeupe, gumu kama ukuta. Mjomba alimlaza kwenye kitanda changu, akafuta jasho, akanywa chai, akarudi kijijini kuwahi palizi. Kuanzia siku hiyo chumba changu kikawa chetu wawili.

Nilikuwa darasa la sita. Nilidhani kulala na bibi kungekuwa raha tupu, hadithi na utani wa mke mwenza, kama ilivyokuwa kila nilipokwenda kwake likizo. Lakini bibi huyu aliyekuja hakuwa yule. Alilala akiutazama ukuta. Akiulizwa kitu alijibu neno moja, mara kwa Kifipa, mara kwa Kiswahili, kisha akavuta blanketi. Alikuwa mtu wa kuamka kabla ya jogoo na kushika jembe. Sasa masika yanapita, magugu yanamea, naye yuko mjini anahesabu misumari ya bati.

Siku hogo lilipokatwa tulidhani mambo yamekwisha. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali alimwambia mfupa umeunga vizuri, sasa kazi iliyobaki ni kutembea, kila siku kidogo kidogo, la sivyo mguu utakakamaa. Bibi alimsikiliza kwa adabu, na tulipofika nyumbani akapanda kitandani, asitake tena kusikia habari hiyo. Mama alimshika mikono, akambembeleza, akamnunulia fimbo nzuri ya mti mgumu. Bibi alipiga hatua mbili, akasema mguu huu si wangu, wangu ulibaki mferejini. Akaomba kurudishwa kitandani.

Mama hakuwa na muda wa kubembeleza mchana kutwa. Alikuwa na banda la chakula kando ya barabara, anauza ugali, maharage na samaki aina ya migebuka, na baba alikuwa kibaruani Mpanda, akirudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo bibi alishinda peke yake mpaka mimi nitoke shule, na mimi nilikuwa nikirudi nikimkuta vilevile nilivyomwacha.

Hali ilikuwa hivyo mwalimu wetu wa sayansi alipotupa kazi ya kufanya nyumbani.

Alikuwa mwalimu kijana, mwanamke, aliyehamia kwetu mwaka huohuo, na kila somo alitaka tulifanye kwa mikono. Tulikuwa tukisoma habari za viumbe wadogo. Akasema kila mmoja akaoteshe kuvu kwao. Chukueni vyakula vya aina nne, akasema, kila kimoja kwenye kopo lake la kuonea ndani, funikeni, wekeni pasipo jua, na makopo yote yakae mahali pamoja. Kila siku tutazame na kuchora tunachokiona. Alirudia mara nyingi kwamba tusifungue makopo yakishaota, tusinuse, tusiguse. Mwishoni tutaleta majibu: chakula gani kimeota kwanza, na kwa nini. Darasa zima lilicheka. Kazi ya kuacha chakula kiharibike, nani asiyeiweza?

Mama hakucheka. Kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilimkuta akiosha masufuria, nikamweleza, akaacha kusugua.

"Mimi nauza chakula," alisema. "Watu wakisikia kwangu kunaoteshwa uozo, nani atakuja kula?"

Nilimwambia ni kuvu, si uozo. Akasema kwake yeye hayo ni mtu na ndugu yake. Siku yoyote bwana afya anaweza kupita, na yeye hawezi kusimama mbele ya bwana afya na kuanza kueleza habari za sayansi. Nikaenda chumbani nikaketi ukingoni mwa kitanda, nikalia kidogo, kwa sauti ya kutosha kusikika.

Bibi aligeuka kutoka ukutani. Akauliza nini kimenikuta. Nikamwambia mwalimu anataka tuoteshe ukungu nyumbani na mama amekataa. Nilitumia neno la nyumbani, ukungu, kwa sababu kuvu nilijua hatalielewa. Bibi alifikiri, akatazama dirishani, ambako ukungu mzito wa asubuhi ya Ufipa ulikuwa bado umeufunika mji, huoni hata nyumba ya jirani.

"Ukungu huu?" akauliza. "Mnafundishwa kuuotesha? Mbona unashuka wenyewe, bure?"

Nilianza kumweleza na kicheko kikanishinda. Yeye naye, alipoelewa kwamba nazungumzia ule wa kwenye mkate, alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi cha kikohozi, lakini mama alikisikia kutoka uani, akaja mlangoni na mikono yake ya povu, akasimama kututazama. Bibi akamwambia kwamba makopo yatakaa humu ndani, juu ya sanduku lake la nguo, na hayatavuka mlango kwenda jikoni. Mama hakuweza kumkatalia mama yake, hasa mama aliyekuwa amecheka. Alitaka tu neno letu kwamba makopo hayatakaribia vyombo vyake. Tukampa.

Makopo niliyapata dukani, yale ya plastiki yaliyokwisha siagi ya karanga. Nikaweka kipande cha mkate, kipande cha ndizi mbivu, na tonge la ugali wa mahindi. Nikawaza cha nne. Nilitaka kuweka kiazi. Bibi akasema niweke ugali wa ulezi, ili mwalimu aone chakula kisichooza.

"Ulezi hauozi," alisema. "Unakaa ghalani miaka na miaka. Mahindi hayo yenu yanaliwa na fukusi kabla hata hujayapukuchua."

Nikamwambia hizo ni punje kavu, ugali ni jambo lingine. Akanijibu kwamba ulezi ni ulezi. Basi mama akasonga kijitonge cha ulezi, nikakiweka kwenye kopo la nne.

Cha tano hakikuwamo kwenye kazi ya mwalimu. Kililetwa na jirani yetu, mama mmoja Msukuma aliyekuwa akiuza maziwa ya mgando. Familia yake ilitoka kaskazini na ng'ombe wao miaka mingi nyuma, na mifugo yao ilikuwa upande wa Mpui, yeye akikaa mjini na watoto wanaosoma. Alikuja kumjulia hali bibi, akayaona makopo, akauliza, akaelezwa. Aliposikia sifa za ulezi alicheka kwa nguvu, akatoka, akarudi na michembe mkononi, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa vikiwa vibichi na kuanikwa mpaka vikakauka kama kuni. Akasema kama tunatafuta chakula kisichoota ukungu, tusihangaike, hiki hapa, Wasukuma walishamaliza kazi hiyo zamani. Bibi alimwambia aviweke kwenye kopo la tano, tutaona. Akasema kwa upole sana, na mimi niliyemjua nikafahamu kwamba amekasirika.

Kuanzia hapo bibi hakuutazama ukuta tena. Aliketi kitandani na uso wake ukielekea kwenye makopo. Mkate ulitangulia. Siku moja nilirudi shule akaniambia, kabla hata sijamwamkia, kwamba mkate umepata mvi. Kweli, palikuwa na vidoa vyeupe pembeni, na siku zilizofuata vikawa vya kijani, vikaenea, mpaka mkate ukaonekana kama jiwe la mtoni. Ndizi ilifanya manyoya ya kijivu yenye vichwa vidogo vyeusi kama vya pini. Ugali wa mahindi ulitia fora: ulikuwa na rangi ya waridi upande mmoja, njano upande mwingine, na katikati nywele nyeupe zilizosimama kama za mtoto aliyetoka kuoga.

Bibi aliyaita mifugo yangu. Mifugo yako imeamka vizuri leo, alikuwa akiniambia. Au: yule wa ndizi amenenepa, sijui anakula nini. Mimi nilichora, naye akanikosoa. Alisema mkate wangu ni wa kijani mno, kwenye kopo haukuwa hivyo. Tukabishana juu ya rangi mpaka chakula cha jioni, na alikula, na alipomaliza akaomba kuongezwa.

Lakini ulezi ulikuwa safi. Siku baada ya siku nililigeuza kopo nikitafuta walau doa moja, nisilione. Tonge lilikuwa limesinyaa kidogo na kupasuka juu, basi. Michembe nayo ilikuwa safi. Jirani alipokuja na maziwa, yeye na bibi walitazama makopo yao kama watu wawili waliopeleka majogoo mnadani, kila mmoja akilisifia la mwenzake kwa namna ambayo haikuwa sifa.

Nilipompelekea mwalimu michoro, alifurahia rangi za ugali wa mahindi. Alipofika kwenye ulezi akaniuliza kama kopo hilo lilikaa pamoja na mengine. Nikasema ndiyo, juu ya sanduku la bibi. Akasema wanafunzi wengine wawili waliweka ugali wa ulezi na umeota kuvu kama kawaida, sasa wa kwangu una nini? Hakunigombeza. Alitaka kujua kweli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikasema ulezi wa bibi ni wa Kaengesa. Darasa likacheka, naye akatabasamu, akaniambia nikatazame tena vizuri kabla ya siku ya wazazi, siku ambayo tungeonyesha kazi zetu.

Haukupita muda walimu wakawa na kikao, tukaruhusiwa mapema. Nilifika nyumbani jua likiwa utosini, moja ya yale majua makali yanayochomoza kati ya mvua na mvua. Mama alikuwa bandani kwake. Nikaingia chumbani kumwamkia bibi, kitanda kilikuwa kitupu.

Nilichowaza kwanza ni kwamba ameanguka. Nilitazama chini, nyuma ya mlango, sebuleni, jikoni. Nikaita, hakuna aliyeitika. Nikakimbilia mlango wa nyuma, na pale kizingitini nikasimama.

Bibi alikuwa katikati ya uwanja. Alikuwa anatembea. Fimbo ilikuwa mkono mmoja, mkono mwingine umeshika kopo kifuani kama mtu anayebeba yai, na alikuwa anakwenda taratibu kuelekea kwenye rundo la matofali mwisho wa uwanja, mahali jua linapopiga vizuri zaidi. Kulikuwa na mfereji wa maji ya mvua njiani. Alisimama, akaupima kwa fimbo, akauvuka kwa mguu wa kulia, uleule aliosema si wake. Juu ya matofali palikuwa na ungo. Akafungua kopo, akatoa tonge la ulezi, akaliweka kwenye ungo, akaligeuza ili upande wenye unyevu uelekee jua. Kisha akageuka, akaniona.



"Bibi, unatembea," nikasema.

"Usimwambie mama yako."

"Nisimwambie la mguu au la ulezi?"

Akafikiri. "Yote mawili," akasema.

Nilimkimbilia nikamkumbatia kiunoni, naye akanionya nisimwangushe. Nilikuwa nalia na kucheka, naye alikuwa amesimama wima akitazama upande mwingine, kama askari. Tulipoketi kwenye matofali alinieleza. Ilianza siku ile jirani alipoleta michembe. Bibi aliona wazi kwamba kitu kilichokauka vile hakitaota chochote, na akaona wazi pia kwamba tonge letu bichi la ulezi litaaibika mbele ya Msukuma. Kesho yake, mama na mimi tulipoondoka, aliteremka kitandani, akashika ukuta, akafika mlangoni, akaanika kopo pale kizingitini. Jua la kizingitini lilikuwa dogo. Siku zilizofuata akasogea barazani. Kisha uwanjani, akisukuma kigoda mbele yake. Kisha akaichukua ile fimbo.

Nikamuuliza kwa nini basi alikataa kutembea mama alipombembeleza.

"Sikuwa natembea," alinijibu. "Nilikuwa nakwenda kuanika."

Siri yetu haikufika jioni. Mama aliporudi na karai la vyombo kichwani, bibi alikuwa amesimama mlangoni bila kuegemea kitu, akanyoosha mikono kulipokea karai. Mama alilitua chini mwenyewe, akaketi hapohapo kwenye ngazi, akafunika uso kwa khanga. Mabega yalikuwa yakitikisika na sikujua kama analia au vipi. Alipouliza imekuwaje, bibi alinitazama mimi, kwa hiyo nikasimulia yote, jua, ungo, kigoda, michembe. Nilipofika kwenye kigoda mama alikuwa anacheka waziwazi, machozi yanamtoka, akimpiga mama yake begani. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mwanzo: aliingia chumbani, akainama mbele ya sanduku, akayatazama makopo moja baada ya jingine. Mbele ya ugali wa mahindi alikaa muda mrefu. Akasema, taratibu, kwamba ni mzuri.

Lakini mimi bado nilikuwa na kazi ya mwalimu. Nikamwambia bibi siwezi kusimama mbele ya wazazi na kusema ulezi hauoti kuvu, wakati najua umeanikwa. Bibi alikubali, ingawa alinuna kwanza. Tukafanya upya. Mama alisonga ugali wa ulezi, tukatenga vitonge viwili sawasawa. Kimoja kikae juu ya sanduku, kisiguswe na mtu. Kingine bibi akianike kila siku waziwazi, kama kazi aliyopewa. Na bibi aliifanya kazi ile kwa bidii kuliko mwanafunzi yeyote, akitoka na kurudi, mvua ikitisha anakwenda mbio kukianua, mbio zake zile za mguu mmoja mzito.

Kile cha kivulini kiliota. Kiliota vibaya sana, kijivu chote, kikapita hata mahindi. Bibi alilishika kopo akaliinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Kumbe na wewe ni ugali tu," akaliambia, na akalirudisha juu ya sanduku. Hakuonekana kusikitika. Jirani alipokuja alimwonyesha mwenyewe, kabla hajaulizwa, na Msukuma wa watu akawa muungwana, akasema hata michembe ikilowa maji inaota, ajaribu aone. Walikaa wakinywa mgando na kuzungumza mpaka watoto wa jirani wakaja kumwita mama yao.

Siku ya wazazi tulitembea kwenda shule. Mama alitaka kuita bodaboda, bibi akakataa, akasema barabara ni fupi. Ilikuwa fupi kwetu. Tulikwenda mwendo wake, watu wakitusalimu njiani, shikamoo bibi, marahaba, umepona, nimepona, na kila mahali akisimama kueleza, hivyo tulifika darasa limeshajaa. Makopo ya kila mtoto yalipangwa juu ya madawati, yamefungwa kwa utepe wa gundi, na wazazi walipita wakishika pua ingawa hapakuwa na harufu.

Zamu yangu ilipofika nilieleza vizuri mwanzoni. Nikasema mkate, nikasema ndizi, nikasema mahindi. Nikaonyesha makopo mawili ya ulezi, moja limeota, moja halikuota, na mwalimu akaniuliza mbele ya watu kwa nini. Nilikuwa nalijua jibu. Lakini kabla sijafungua mdomo, bibi alisimama kwenye benchi la nyuma.

"Mimi ndiye niliyelianika," alisema. "Mtoto hakujua. Mara ya kwanza nilimwibia."

Kicheko kilianza kwa wazazi, kikaenda kwa watoto, kikampata mwalimu mwenyewe, ambaye alitembea mpaka nyuma, akamwamkia bibi kwa kupiga magoti, akamwomba aje mbele. Bibi alikuja. Mwalimu akatueleza kwamba katika jaribio ukitaka kujua sababu ya jambo, unabadilisha kitu kimoja tu na kuacha mengine yote sawa. Hapa ugali ni uleule, nyumba ni ileile, kilichobadilika ni jua na ukavu. Kuvu huhitaji unyevu. Akasema katika darasa zima hakuna aliyelionyesha hilo wazi kama sisi. Sisi, alisema, na bibi akaniangalia kuhakikisha nimelisikia neno hilo. Wazazi wakapiga makofi. Mama alipiga vigelegele, yeye ambaye kanisani huona haya hata kuimba kwa sauti.

Jioni ile makopo yote tuliyazika nyuma ya nyumba bila kuyafungua, na mama akanawa mikono mara tatu.

Likizo ya mwezi wa sita nilikwenda Kaengesa kuvuna. Upepo wa kipupwe ulikuwa unakata masikio, mbingu ni bluu mpaka mwisho wa uwanda, na ulezi ulikuwa umeiva, vichwa vyake vimejikunja kama vidole vya mtoto mchanga. Bibi alikuwa mbele yangu kwenye mstari, anakata kwa kisu kidogo na kutupa kapuni, mguu wa kulia ukichechemea kidogo tu alipopanda tuta. Wanawake wa jirani waliokuja kumsaidia walikuwa kushoto na kulia kwetu. Alikuwa anawasimulia kitu kwa Kifipa, haraka haraka, nami sikuweza kukifuata chote. Nilisikia tu maneno mawili ya Kiswahili yakipita katikati, kuvu na sayansi, na kila yalipopita, wanawake waliacha kukata, wakainua vichwa vyao kunitazama.